Hedifoni Zisizo na Waya kwenye Mashine ya Dhahabu: Namna ya Kuziunganisha na Kuzipima Kabla ya Kuingia Porini

Swali hili linanijia karibu kila wiki, na linakuja kwa namna tatu tu. Wa kwanza anauliza kama hedifoni za simu zinaweza kufanya kazi kwenye ditekta, yaani mashine ya kutafutia dhahabu. Wa pili ameshanunua kidude cha Bluetooth, amekichomeka, na hakuna sauti. Wa tatu ndiye anayenitia huruma zaidi: mashine inalia vizuri kabisa, anachimba, hakuti kitu, anafukia, anapitisha tena, inalia palepale. Nimechoka kueleza kwa simu mtu akiwa juani, kwa hiyo nimeyaandika yote hapa.

Nazungumza na wale wanaotafuta dhahabu ya juujuu kwa mashine. Mifano yangu mingi ni ya Chunya kwa kuwa ndiko ninakofanyia kazi, lakini mtu wa Geita, Mara, Migori au Turkana ataelewa bila shida. Nitachukulia kwamba mashine yako unaijua: unaweza kuiwasha, kuisawazisha na ardhi, na kutofautisha mlio wa msumari na mlio wa kitu kinachostahili jembe. Kama bado, anza na hilo kwanza, hedifoni zitasubiri.

Kwanza, je, unazihitaji?

Waya una matatizo yake porini. Kichaka cha miiba kinaushika na kuuvuta. Unainama kuchimba, unalaza mashine chini, unasahau kwamba mmefungwa pamoja, unasimama ghafla: pini inapinda, au tundu linalegea ndani ya boksi. Tundu lililolegea ndilo baya zaidi maana halifi moja kwa moja, linakatakata sauti wiki nzima kabla hujagundua.

Spika ya mashine nayo ina lake. Inakula betri, na upepo unafunika ule mlio mdogo wa mwisho ambao ndio ulioutembelea kilomita nyingi kuutafuta. Tena inatangaza. Mahali penye rashi, yaani pale watu wengi wamekimbilia dhahabu, mlio mmoja mzuri unatosha: kabla hujapiga jembe la pili umeshazungukwa na watu wanaokusaidia kutazama.

Lakini kama eneo lako ni wazi, halina vichaka, na hedifoni zako za waya ni nzima, baki nazo. Waya hauchelewi, haulali, wala hauhitaji chaji. Sisemi hivi kukukatisha tamaa. Nasema kwa sababu kuna watu wanatumia pesa ya mafuta ya wiki kununua kitu kisichowaongezea hata punje moja.

Nadharia, kidogo tu

Sauti ikisafiri kwa waya inafika sikioni papo hapo. Ikisafiri kwa Bluetooth inafungwa, inarushwa, inafunguliwa, na kazi hiyo inachukua muda. Bluetooth ya kawaida huchelewa kati ya milisekunde 150 na 250. Ile ya aina ya aptX Low Latency huchelewa kama 40. Mifumo iliyotengenezwa mahususi kwa ditekta, kama Wi-Stream ya Minelab na Z-Lynk ya Garrett, iko chini ya milisekunde 20.

Milisekunde 200 ni moja ya tano ya sekunde, na mtu ataona si kitu. Haya, piga hesabu. Ukipitisha sahani (ile koili ya chini inayopekua ardhi) mita 1.2 kwa sekunde mbili, inakwenda sentimita 60 kwa sekunde. Ndani ya milisekunde 200 imeshasogea sentimita 12. Sahani ya inchi 11 ina nusu kipenyo cha sentimita 14 hivi. Maana yake, unaposikia mlio, kitu kilichouleta kimeshabaki karibu na ukingo wa sahani, nawe unachimba katikati. Ndiyo yule ndugu wa tatu na shimo lake tupu.

Hata hivyo, kuchelewa si ndiko ninakokuogopa sana. Sauti iliyochelewa bado umeisikia, utapoteza dakika chache ukitafuta upande. Ninachokiogopa ni kulala. Hedifoni nyingi na transmita nyingi (vile vidude vinavyorusha sauti kwenda kwenye hedifoni) za bei ndogo zimetengenezwa kwa ajili ya muziki na filamu, na zikiona kimya kinaendelea hujifunga ili kutunza betri. Sauti ikirudi zinaamka, lakini zinameza kipande cha mwanzo. Muziki ukimezwa robo sekunde hujui. Mlio wa kipande cha nusu gramu kilicho chini sentimita 20 wote ni huo robo sekunde.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mashine yako, ikiwa na betri iliyojaa.
- Hedifoni zisizo na waya. Chagua zinazofunika sikio lote, zenye vitufe halisi vya kuongeza na kupunguza sauti, na zenye tundu la waya la milimita 3.5 pembeni. Zile ndogo za kuchomeka sikioni hudondoka ukiinama, na kuzitafuta kwenye kifusi kwa ditekta ni kichekesho ambacho nimekishuhudia.
- Transmita, kama mashine yako haina Bluetooth ndani yake.
- Adapta ya kubadilisha tundu kubwa la milimita 6.35 kuwa dogo la 3.5, kama mashine yako ina tundu kubwa.
- Waya wa akiba. Huu si wa hiari.
- Chubwi dogo la ndoano, lile la kuvulia samaki, au kipande chake cha uzito wa nusu gramu hadi gramu moja. Risasi hulia kwenye ditekta kwa namna inayokaribiana na dhahabu ndogo, na ukilipoteza hulii.
- Majivu au chaki ya kuchorea ardhini, na rula ya plastiki au ya mbao. Si ya chuma, tafadhali.
- Velkro au kamba za plastiki za kufungia nyaya.

Kuhusu transmita, sikiliza vizuri, maana hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Kariakoo, Mwanjelwa na kwingineko kuna vidude viwili vinavyofanana kama pacha. Kimoja ni cha kuchomeka kwenye AUX ya gari ili redio ipokee muziki wa simu. Hicho ni risiva, kinapokea tu, na kwenye ditekta hakifai kitu. Wewe unataka kinachorusha, kile ambacho watu hukitumia kusikiliza televisheni kwa hedifoni. Vingine vinafanya kazi zote mbili na vina swichi ndogo ubavuni yenye herufi TX na RX. TX ndiyo kurusha. Muuzaji akikwambia "zote sawa tu", mwombe akichomeke kwenye simu au redio yoyote yenye tundu, kisha akusikilizishe kwa hedifoni mbele yako. Mimi sikumwomba. Cha kwanza nilichonunua bado kiko kwenye pikapiki ya shemeji yangu.

Kuna watu pia wanajaribu vile vidude vya FM vya gari, wanasikiliza kwa redio ya mfukoni. Sauti kweli haichelewi. Ila inakuja na mikwaruzo inayofunika milio midogo, na jirani mwenye redio anaweza kukufuatilia kwenye masafa yaleyale, kwa hiyo siri yako ya rashi imekwisha.

Hatua kwa hatua

1. Jua mashine yako inatoaje sauti.

Nianze na za Minelab. GPX 4500 na GPX 5000 zina tundu kubwa la 6.35, hazina Bluetooth. Gold Monster 1000 ina tundu dogo la 3.5. GPX 6000 ina Bluetooth ndani na huja na hedifoni zake. GPZ 7000 huja na kidude kinachoitwa WM12 ambacho unakivaa begani. Mashine inakirushia sauti, nawe unachomeka hedifoni za waya mfupi kwenye hicho kidude. Ni nusu waya, nusu bila waya, na mimi nauona mpango huo kuwa wa busara. Garrett AT Gold ina pini yake ya pekee ya kuzuia maji, kwa hiyo unahitaji adapta ya Garrett kwanza kabla ya kufikiria transmita yoyote.

Kumbuka kwamba mashine za kughushi za jina la GPX zimejaa mitaani. Kama yako haifanani na maelezo ya kitabu chake, usishangae tundu likiwa tofauti pia.

2. Linganisha transmita na hedifoni.

Ukinunua ya aptX Low Latency, lazima pande zote mbili ziwe nayo. Transmita ikiwa nayo na hedifoni hazina, zitaelewana kwa Bluetooth ya kawaida bila kukuambia, na kuchelewa kutarudi palepale. AirPods, kwa mfano, hazina aptX hata kidogo. Hedifoni zilizoandikwa "modi ya gemu" husaidia wakati mwingine. Usiamini maandishi ya boksi, subiri hatua ya 8.

Mwenye uwezo namshauri anunue seti ya ditekta iliyokamilika, inayokuja na kirushi na kipokezi chake. Z-Lynk inauzwa hivyo na inaweza kufungwa hata kwenye mashine zisizo za Garrett. Ni ghali, lakini hatua ya 2 na ya 4 utazipita kama hazipo.

3. Chaji kila kitu usiku uliotangulia.

Kama kambi ina sola tu, chaji mchana wa siku iliyopita. Transmita ndogo nyingi hazimalizi siku nzima ya kazi, kwa hiyo ijue yako inakaa saa ngapi kwa kuiacha ikicheza muziki nyumbani mpaka ife.

4. Ziunganishe ukiwa nyumbani, simu ikiwa imezimwa Bluetooth.

Hii ya simu ndiyo inayowashinda wengi. Hedifoni zikiwashwa hukimbilia kifaa zinachokikumbuka, yaani simu yako iliyo mfukoni. Transmita inabaki inawakawaka taa, nawe unasema ni mbovu. Zima Bluetooth ya simu yako na ya kila aliyewahi kuazima hedifoni hizo. Kisha weka transmita na hedifoni karibu karibu, bonyeza kila kimoja kwa muda mrefu mpaka taa ianze kumeta haraka, na usubiri. Taa zikitulia, zimeshikana. Zima zote, washa tena, uone kama zinashikana zenyewe. Rudia mara tatu. Kitu kisichoshikana chenyewe sebuleni hakitashikana machimboni Matundasi saa nane mchana.

5. Funga transmita mahali pake.

Ikae juu, karibu na sehemu ya kulazia kiwiko, au kwenye mkanda wa begi kama betri ya mashine yako iko mgongoni. Isikae chini ya fimbo karibu na sahani. Transmita yenyewe ni kipande cha chuma chenye umeme, na sahani haibagui. Waya mfupi kutoka kwenye tundu hadi kwenye transmita uufunge ubane kabisa. Waya unaoning'inia na kucheza huleta milio ya uongo na hatimaye hulegeza lile tundu tulilokuwa tunalikimbia.

Kama umeiweka mwilini, iweke upande uleule wenye kipokezi cha hedifoni. Mwili wa mtu ni maji kwa sehemu kubwa, na mawimbi ya gigahezi 2.4 hayapendi maji. Transmita kiunoni kushoto na kipokezi sikio la kulia, tumbo likiwa katikati, sauti itakatika kila ukigeuka.

6. Washa kwa mpangilio.

Transmita kwanza, kisha hedifoni, subiri taa zitulie. Mashine iwe ya mwisho, na hedifoni ziwe shingoni bado, si masikioni. Inua sahani kutoka ardhini, usafishe kelele kwa kitufe chake (kwenye GPX 4500 na 5000 ndiyo Auto Tune), *kisha* usawazishe na ardhi. Ukisafisha kelele kabla ya kuwasha transmita umesafisha kelele za mashine peke yake. Ile ya transmita itakuja juu baadaye.

7. Panga sauti kuanzia nje kwenda ndani.

Weka hedifoni robo tatu ya nguvu zake. Transmita kama ina vitufe, nayo robo tatu. Halafu panda polepole na sauti ya mashine. Ukifanya kinyume, mashine juu kabisa na hedifoni chini, sauti itaingia kwenye transmita ikiwa imepasuka na milio yote mikubwa itafanana.

Pitisha sahani juu ya jembe. Kama umeruka, punguza. Mashine yenye kikomo cha sauti iwekewe kikomo. Masikio ndiyo mtaji wako, na mlio wa jembe kwenye hedifoni zinazofunika sikio si mzaha.

Zima kabisa ile huduma ya kuondoa kelele za nje kama hedifoni zako zinayo. Unahitaji kusikia mtu akikuita, pikipiki ikija, na kifutu akipuliza kwenye majani makavu. Maduara ya zamani, yaani mashimo ya wachimbaji yaliyoachwa wazi, hayatoi sauti yoyote, hayo ni kazi ya macho. Mimi huacha sikio la kushoto wazi nusu kila ninapotembea kwenye majani marefu.

8. Pima kuchelewa.

Tafuta ardhi safi, ile ambayo mashine haina cha kusema. Weka chubwi juu yake. Chora mstari wa majivu unaopita juu ya chubwi, kushoto kwenda kulia.

Anza na hedifoni za waya. Pitisha sahani kwenda kulia kwa mwendo wako wa kawaida wa kazi. Mlio unapofika kileleni, mwenzako aweke alama chini ya katikati ya sahani. Pitisha kurudi kushoto, aweke alama nyingine. Pima umbali kati ya alama mbili. Hautakuwa sifuri, kwa sababu mashine yenyewe huchelewa kidogo na wewe pia.

Sasa rudia kwa hedifoni zisizo na waya, mwendo uleule. Umbali utaongezeka. Ongezeko hilo ligawe kwa mbili, na hapo una sentimita ambazo sauti yako inachelewa kila upande. Ongezeko la sentimita 4 (yaani 2 kila upande) ni zuri sana. Sentimita 8 unaweza kuishi nalo. Ikifika 20 na kuendelea, hizo hedifoni ni za muziki. Zirudishe kwenye simu.

Fanya kipimo hiki mara tano, chukua wastani. Mkono wa mtu haurudii mwendo uleule hata akijitahidi.

9. Pima kulala.

Hiki ndicho kipimo ninachokuomba usikiruke hata ukiruka vingine vyote.

Fukia chubwi kina ambacho kwa waya unalisikia kwa shida, ule mlio wa "ni kitu au si kitu?" Vaa hedifoni zisizo na waya. Kama mashine yako ina mvumo, yaani ule mlio wa chini unaoendelea muda wote, ushushe mpaka uzimike. Simama kimya dakika tatu, sahani ikiwa hewani. Halafu pitisha juu ya chubwi mara moja tu.

Umesikia? Vizuri. Hukusikia, lakini ukipitisha mara ya pili na ya tatu unasikia? Basi zilikuwa zimelala, na mpito wa kwanza uliziamsha. Porini hakuna anayepitisha mara tatu mahali ambapo hakusikia kitu.

Dawa yake, kwa mashine yenye mvumo, ni kuupandisha kidogo mpaka usikike kwa mbali kama mbu aliye chumba cha pili. Sauti isipokatika, hedifoni hazina sababu ya kulala. Mvumo una faida nyingine kubwa kuliko hiyo: ukinyamaza ghafla, unajua mawasiliano yamekatika. Bila mvumo, hedifoni zilizokatika na ardhi isiyo na dhahabu zinasikika sawasawa. Nilitembea asubuhi nzima kwenye mteremko mmoja nikiamini hauna kitu, kumbe nilikuwa nasikiliza hedifoni zilizozima. Jamaa aliyepita nyuma yangu na waya wake uliofungwa kwa plasta alitoa kipande mbele ya macho yangu, kwenye nyayo zangu mwenyewe.

Kama mashine yako haina mvumo na hedifoni zinalala, hakuna hila. Badilisha hedifoni.

10. Sasa ingia kazini, lakini badilisha unavyotafuta kitovu.

Kutembea ni kulekule, labda punguza mwendo kidogo. Kinachobadilika ni pale mlio unapotokea. Usichimbe ulipousikia. Pitisha kulia, weka alama. Pitisha kushoto, weka alama. Katikati ya alama hizo ndipo penyewe. Geuka nyuzi 90 ufanye vilevile mbele na nyuma. Mistari inapokatana, piga jembe hapo. Kuchelewa kunasukuma kila alama upande wake kwa kiasi kilekile, kwa hiyo katikati haidanganyi.

Ukitoka kwenye mashine kwenda kuchota maji au kupima mchanga kwenye karai, kumbuka Bluetooth inafika mita 10 hivi porini, na chini ya hapo ukiwa na kichuguu katikati. Ukirudi, usianze kupitisha kabla ya kuugusisha mlio kwa makusudi: pitisha sahani juu ya kitasa cha mkanda au jembe, usikie, ndipo uendelee.

Na mambo ya karatasi, kwa kifupi. Kwa Tanzania, eneo lenye leseni ya uchimbaji mdogo lina mwenyewe, na ditekta haikupi haki ya kupita bila kukubaliana naye. Kwenye magofu na maeneo ya mambo ya kale usiwashe mashine kabisa. Wenzetu wa mashariki ya Kongo na Burundi, kwenye ardhi iliyopiganiwa, mlio mkubwa mzuri unaweza kuwa bomu, kitu kisichopaswa kuguswa na jembe, acheni.

Matatizo yanayojirudia

Taa imetulia, hakuna sauti. Tazama swichi ya TX na RX kwanza. Kisha sukuma pini mpaka isikike ikibana, maana adapta za 6.35 zina tabia ya kuingia nusu. Ikishindikana, toa transmita uchomeke hedifoni za waya palepale. Zikilia, tatizo ni transmita. Zisipolia, tatizo ni mashine au tundu lake.

Sauti inasikika sikio moja. Mashine nyingi hutoa sauti ya njia moja, na pini ya njia mbili inaokota nusu tu. Nunua adapta ya kugeuza njia moja kuwa mbili. Ni kitu kidogo, mafundi wa redio wanacho, au wanakuungia kwa dakika kumi.

Mashine inapiga kelele ovyo tangu nifunge transmita. Rudi kwenye spika ya mashine, au kwenye waya kama haina spika, kisha zima na kuwasha transmita ikiwa bado imefungwa. Kelele ikija na kuondoka nayo, ihamishe mbali na boksi na sahani, hata kwa kuongeza waya wa sentimita 30, na usafishe kelele upya. Isipobadilika, angalia simu iliyo mfuko wa upande wa sahani, na viatu vyenye chuma puani.

Sauti inakatakata. Mara nyingi ni mwili katikati, kama nilivyoeleza kwenye hatua ya 5, au chaji inaelekea kwisha. Kwenye mto, usitegemee mawimbi yatoke majini. Transmita ikizama pamoja na boksi, sauti inakufa hapohapo. Huko tumia waya wa kuzuia maji.

Pawabenki inajizima. Umeifunga transmita kwenye pawabenki ili idumu, na baada ya dakika chache imezima. Transmita inakula umeme mdogo mno, pawabenki inadhani hakuna aliyechomeka. Tafuta yenye modi ya vifaa vidogo, au beba transmita ya pili iliyochajiwa. Wengine huchomeka tochi ndogo ya USB pamoja nayo ili pawabenki ikae macho, na inafanya kazi.

Mwanamke wa ndani ya hedifoni anasema betri imepungua, na anasema kila dakika. Hana jinsi ya kunyamazishwa kwenye hedifoni nyingi, na anafunika milio. Ukimsikia mara ya kwanza, badilisha uende kwenye waya. Ndiyo kazi ya lile tundu la 3.5 nililosema uhakikishe lipo. Angalia tu kwamba ukichomeka waya zinaendelea kulia hata zikiwa zimezimwa. Chache hazilii, na ni heri ulijue hilo nyumbani.

Zilikuwa nzuri miezi miwili, sasa upande mmoja ni hafifu. Jasho. Vumbi jekundu na jasho hutengeneza tope linaloziba kitambaa cha ndani. Toa sponji, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, anika kivulini na si juu ya boneti ya gari. Ukizihifadhi mvua zinaponyesha, ziweke kwenye mfuko wa plastiki, na uzichaji mara moja kwa mwezi hata kama huendi porini, vinginevyo msimu ukifunguka utakuta betri haiamki tena.